Koleo Likivunjika, Tazama Lilipovunjikia

Siku niliyouza cherehani ya mwisho ya karakana yangu ya mikoba, mnunuzi aliniuliza kama ilikuwa na kasoro yoyote, nami nikamjibu kwamba mashine ni nzima, mbovu ni mwenyewe. Tulicheka, akaipakia, akaondoka. Karakana hiyo ilikuwa imedumu miaka 3 na kuajiri watu 6, na jambo lililonitatiza kwa muda mrefu ni kwamba ilifungwa katika kipindi ambacho ilikuwa na oda nyingi kuliko wakati mwingine wowote tangu niianzishe.

Katika majuma yaliyofuata nilikumbushwa mara nyingi kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kila aliyenikumbusha alikuwa na nia njema, na methali yenyewe ni ya kweli, ila nimekuja kuona kwamba nusu ya maana yake hupotea inaposemwa haraka kama pole ya msibani. Mhunzi aliyevunjikiwa na koleo hana budi kwanza kuliokota na kulitazama: je, limekatikia mkononi, limelegea pale taya zake mbili zinapokutana, au chuma chenyewe kilikuwa kibovu tangu siku lilipofuliwa? Akifua jingine bila kutazama atasifiwa kwa uvumilivu, kisha litavunjika palepale lilipovunjikia la kwanza.

Mimi sikutazama mapema. Kwa karibu mwaka mzima nilieleza kila aliyeniuliza kwamba niliangushwa na mteja mmoja mkubwa, taasisi iliyoniagiza mikoba mingi kwa mkupuo, ikaahidi kulipa baada ya siku 60 na ikalipa baada ya miezi 7. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli na lawama yangu ilikuwa ya haki, lakini haikunifundisha chochote, kwa sababu lawama humweka mtu mahali ambapo hana la kurekebisha. Nilipoketi hatimaye na daftari la hesabu, nikiwa sina tena haraka ya kumridhisha yeyote, niliona kwamba oda ile moja ilikuwa imemeza zaidi ya nusu ya mtaji wangu pamoja na mkopo wote niliochukua kwa ajili yake. Mteja alichelewa, ndiyo. Lakini aliyeamua kwamba karakana nzima isimame juu ya malipo ya mtu mmoja ni mimi.

Jambo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa naamini limeua biashara nyingi kuliko ukosefu wa wateja. Faida na fedha taslimu si kitu kimoja. Ngozi, uzi na zipu hulipiwa leo. Mafundi hulipwa kila juma au kila mwezi. Rejesho la mkopo lina tarehe yake isiyosogea. Ilhali ankara ya mteja hulipwa yeye anapoona inafaa. Kwa hiyo kadiri oda zinavyoongezeka ndivyo pengo kati ya fedha zinazotoka na zinazoingia linavyopanuka, na mfanyabiashara anaweza kuwa na faida nzuri kwenye karatasi huku akikosa nauli ya kupeleka mzigo. Ukuaji wenyewe unakula fedha. Mimi nilidhani oda kubwa ni dawa ya shida zangu ndogondogo, kumbe ndiyo iliyozikusanya zote na kuzileta siku moja. Fedha za mteja zilipofika mwishoni, riba ilikuwa imekula faida, mafundi wawili walikuwa wameondoka, na mashine tatu zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Wakati huo nilisoma sana habari za wafanyabiashara waliowahi kuanguka, mwanzoni kwa kutafuta faraja, baadaye kwa kutafuta kitu kingine. Soichiro Honda wa Japani ndiye aliyenishika zaidi. Kabla ya pikipiki kubeba jina lake, alijaribu kutengeneza pete za pistoni, vyuma vya duara vya ndani ya injini, kwa ajili ya Toyota, na katika pete 50 alizopeleka kukaguliwa ni 3 tu zilizokidhi viwango. Ni rahisi kulisimulia tukio hilo kama hadithi ya moyo mgumu, kwamba alikataliwa lakini hakukata tamaa, na wengi hulisimulia hivyo. Kinachonivutia mimi ni namna alivyojifunza: majaribio yake ya mwanzo yaliposhindikana, hata kabla ya ukaguzi ule, mtu mzima, mwenye kiwanda na wafanyakazi, alikwenda kujiandikisha katika shule ya ufundi ili ajifunze elimu ya metali, kwa sababu alikuwa ameng'amua kwamba mikono yake ilijua kazi lakini hakuifahamu tabia ya chuma chenyewe. Na baada ya pete zile kukataliwa, ilimchukua karibu miaka 2 mingine ya kuuliza na kutembelea vyuo na viwanda hadi pete zake zikakubalika. Angekuwa amerudi karakanani kufua pete nyingine kwa juhudi maradufu, sidhani kama tungemjua.

James Dyson, Mwingereza aliyebuni mashine ya kufyonza vumbi isiyotumia mfuko, hutajwa kila mara kwa idadi ya mifano ya majaribio aliyotengeneza hadi kupata uliomridhisha: 5,127. Idadi hiyo hutumiwa kama kipimo cha ukaidi. Lakini mtu hawezi kufika elfu tano kwa ukaidi peke yake. Alifika kwa sababu alikuwa akibadilisha jambo moja tu kila mara na kuandika matokeo, hata kila jaribio lililoshindwa likafunga mlango mmoja na kumwachia michache zaidi ya kujaribu. Tena kuna upande ambao wasimuliaji huupita haraka: katika miaka ile ya majaribio, madeni yakiongezeka, nyumba ilitegemea mshahara wa mke wake aliyekuwa mwalimu wa sanaa. Nalitaja hili kwa makusudi. Uvumilivu una gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule anayepigwa picha, kwa hiyo kabla ya kujitangaza kuwa huwezi kukata tamaa ni vyema uwaulize wanaokula mezani pako kama nao wamekubali.

Halafu yuko Henry Ford. Kampuni yake ya kwanza ya magari, iliyoundwa Detroit mwaka 1899, ilivunjwa mapema mwaka 1901. Ya pili aliihama mwaka 1902 baada ya kutoelewana na waliomwekea mtaji, na wenzake wakaigeuza kuwa Cadillac. Ya tatu, iliyoanzishwa Juni 1903, ndiyo iliyodumu, lakini hata hiyo ilifikia siku za Julai mwaka huohuo ikiwa na dola 223.65 tu benki kabla malipo ya magari ya mwanzo hayajaanza kuingia. Huwa nairudia tarakimu hiyo nikisikia watu wakizungumza kana kwamba anayestahili lazima afanikiwe. Bila shaka wapo wengine ambao akaunti zao zilifika hapo na hundi haikuja, nao walikuwa na bidii ileile, ila hatuyajui majina yao kwa kuwa hakuna anayeandika habari za kampuni iliyokufa ikiwa na mwezi mmoja. Anayekuhakikishia kwamba ukivumilia utafanikiwa tu, hasa akiwa amekutoza kiingilio ukumbini, anakuuzia kitu asichokuwa nacho.

Ninachoweza kueleza kwa uhakika zaidi ni namna ya kubaki katika hali ya kuweza kujaribu tena. Baada ya kufunga karakana nilikuwa na madeni matatu, kubwa zaidi likiwa la muuzaji wa ngozi. Rafiki mmoja alinishauri nibadilishe namba ya simu. Nilikaribia kufanya hivyo, kisha nikamwendea mdai wangu kabla yeye hajanijia, nikamwonyesha daftari lote, pamoja na kurasa za aibu, nikapendekeza kiasi kidogo kila juma. Hakufurahi, na maneno aliyonieleza siku hiyo siyaandiki hapa. Lakini nililipa kwa miezi 14 bila kuruka juma hata moja, na nilipoanza upya yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa mali kwa mkopo. Mtaji unaweza kuisha na ukapatikana mwingine. Jina likichafuka kwa wauzaji wa malighafi, hata mwenye fedha huona milango inafungwa.

Katika miezi hiyohiyo niliajiriwa katika kiwanda cha mtu mwingine, kazi ya kukata ngozi. Nilikuwa nimeitwa mkurugenzi, sasa naitwa fundi, na kwa majuma kadhaa nilipita njia ya nyuma ili nisikutane na wanaonifahamu. Hata hivyo ni pale, kwenye meza ya kukatia, nilipogundua ufa wa pili wa koleo langu, ambao huenda nisingeuona kamwe kama ningekimbilia kufungua biashara nyingine. Mwenye kiwanda alipima mabaki. Kila ngozi ilipokatwa, vipande visivyofaa vilipimwa na gharama yake ikagawanywa kwenye bei ya mikoba iliyotoka. Mimi miaka mitatu yote nilikuwa nikikadiria bei kwa ngozi iliyomo kwenye mkoba, si kwa ngozi niliyoinunua, na tofauti hiyo ilikuwa ikitoka mfukoni mwangu kidogokidogo bila kelele. Kwa maneno mengine, hata mteja yule angelipa kwa wakati, ningeanguka baadaye. Niliondoka kiwandani baada ya mwaka mmoja na nusu, na siuhesabu muda huo kuwa wa kupotea.

Lipo swali ambalo makala nyingi za aina hii hulikwepa, nalo ni lini mtu aache. Jibu langu ni kwamba kikomo huwekwa mapema, akili ikiwa imetulia, kwa tarehe na kwa kiasi cha fedha; ukisubiri kuamua wakati moto umeshika paa, hutaamua, utakimbia huku na huku ukikopa. Stewart Butterfield na wenzake walikuwa wametengeneza mchezo wa intaneti ulioitwa Glitch, ukazinduliwa Septemba 2011 na kufungwa Desemba 2012, wakati kampuni ilikuwa bado na fedha. Kwa kuwa hawakungoja hadi senti ya mwisho, walipata nafasi ya kutazama walichobakiwa nacho, na miongoni mwa vitu hivyo kulikuwa na programu ya mawasiliano waliyojitengenezea wenyewe ili kufanya kazi pamoja. Programu hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Slack. Waliachana na mchezo, wakabaki na ujuzi, na pia wakabaki na fedha za kujikimu wakati wa kuanza.

Kuhusu moyo sina mengi. Usingizi ulinitoka kwa miezi kadhaa, nikawa mkali kwa watoto bila sababu, na kilichonisaidia hakikuwa maneno ya kutia moyo bali dada yangu mkubwa, ambaye kila Jumamosi alikuja, akadai daftari, akasoma hesabu kimya kimya na kuniuliza swali moja au mawili. Tafuta mtu wa namna hiyo. Wa kukufariji watakuwapo tu.

Karakana ya pili ina mashine 3 na sasa inaingia mwaka wa 6. Nusu ya malipo hutangulia kabla sijakata ngozi, hakuna mteja anayeruhusiwa kushika zaidi ya robo ya oda zangu, na mabaki yanapimwa. Mwaka jana taasisi ileile ilirudi, mtumishi tofauti, lugha ileile tamu, oda kubwa kuliko ya kwanza. Nilimweleza masharti yangu. Alisema utaratibu wao hauruhusu malipo ya awali, nami nikamwambia naelewa, nikamsindikiza hadi mlangoni. Nakiri kwamba usiku ule nilipiga hesabu ya faida niliyoiacha, mara mbili, na kwamba juma lililofuata kazi ilikuwa chache, tukautumia muda huo kupaka mashine mafuta.