Kanji zinapobeba sauti tu: jibu kuhusu 寿司 na jina la Juma

Mwenzetu ameuliza mambo mawili. Kwa nini 寿司, chakula cha wali na samaki kilichoandikwa kwa kanji (herufi za Kichina zinazotumiwa kuandika Kijapani), inasomwa "sushi" wakati 寿 ni umri mrefu na 司 ni kusimamia, na samaki hayumo? Na je, jina lake, Juma, linaweza kuandikwa kwa kanji? Nilisoma Sapporo, mji wa kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, na mji ule ulinifunza jambo hili kuliko kitabu chochote, kwa hiyo mniruhusu nijibu kwa kirefu.

Kanji ikichukuliwa kwa ajili ya sauti yake, maana ikawekwa kando, Wajapani huiita ateji. Chakula hicho kina kanji zake nyingine, 鮨 na 鮓, na zote mbili zina alama ya samaki upande wa kushoto. Lakini 寿司 ilipendwa kwa sababu sauti zinakaa vizuri na kanji zenyewe ni za heri. Shika hapo: wewe msomaji unafuata sauti, ila aliyechagua kanji aliitazama na maana.

Mtindo huu ni mkongwe kuliko hiragana, herufi za sauti za Kijapani. Wajapani walipopokea maandishi kutoka China hawakuwa na herufi za sauti, wakazitumia kanji hizo hizo. Upanga wa chuma uliofukuliwa Inariyama, mkoani Saitama, una kanji 115 zilizotiwa dhahabu, na wataalamu wengi huusoma mwaka wake kuwa 471. Jina la mtawala Wakatakeru limeandikwa humo 獲加多支鹵, silabi kwa silabi. Karne ya 8 ikaja Manyoshu, mkusanyiko wa mashairi zaidi ya 4,500, na humo mtindo huu ukawa sanaa kamili. Neno la mapenzi, ambalo leo ni "koi", mara kadhaa limeandikwa 孤悲: kanji ya upweke, kisha kanji ya huzuni. Sauti inataja mapenzi, jicho linaona mtu aliyeachwa peke yake. Kwangu hakuna mfano mzuri zaidi ya huu. Baadaye 安 iliyoandikwa harakaharaka ikawa あ ("a") ya hiragana, 加 ikawa か ("ka"), na katakana, seti ya pili ya herufi za sauti, ikachukua kipande tu: 伊 ikabaki イ ("i").

Sasa Sapporo. Majina mengi ya Hokkaido ni ya Waainu, wenyeji wa kisiwa kile, na Wajapani waliyavika kanji kwa sauti. Ukipanda treni utaona vituo vingi vinavyoishia na 内 au 別: Wakkanai ni 稚内, Noboribetsu ni 登別. Mwanafunzi mwenye bidii atasoma "ndani" na "tofauti", na atapotea kabisa. Kwa Kiainu, nay ni kijito na pet ni mto. Ramani nzima imejaa maji, lakini kanji zimeyafunika. Jambo hili liliniuma na bado linaniuma, kwa sababu anayesoma kanji peke yake hataona kwamba kuna watu waliopaita mahali pale kwa lugha yao.

Majina ya nchi nayo yako hivyo. Marekani iliandikwa 亜米利加, ikafupishwa 米国, na ndiyo maana vichwa vya habari huiita 米, mchele. Ufaransa ni 仏, kanji ya Buddha. Wachina kwa Marekani walichagua 美国, yaani 美, uzuri. Mwaka 1946 serikali ya Japani ilipotoa orodha ya kanji 1,850 za matumizi ya kawaida, ilielekeza ateji ziandikwe kwa kana, yaani hiragana au katakana, ila ikaliacha 米国 kwa kuwa lilishazoeleka. Katakana ikashika majina ya kigeni, ingawa mikahawa mingi bado huandika 珈琲, kahawa, kwenye kibao, kwa kuwa inapendeza.

Jihadhari pia na kinyume chake. 煙草, moshi na majani, husomwa "tabako", yaani tumbaku: hapo maana ndiyo iliyochukuliwa, na sauti haimo katika kanji yoyote kati ya hizo mbili. Kamusi nzuri hukuonyesha tofauti, usikisie.

Tukija kwa Juma: kwenye fomu andika katakana, basi. Kwa kazi ya kaligrafia au zawadi, ningependekeza 寿真, umri mrefu na ukweli (寿 husomwa pia "ju"). Lakini 受魔 nayo inasomeka "juma", na maana yake ni kupokea shetani. Programu za intaneti zinazogeuza majina hazitakuonya, na watu huchora vitu hivi mwilini. Mwonyeshe kwanza Mjapani anayeandika kwa brashi.

Na utuambie nyumbani wanalitamkaje. Sisi tunaikaza silabi ya kwanza, na sikio la Kijapani linaweza kuisikia kama ndefu: ジューマ ("juuma") badala ya ジュマ ("juma"). Ukitaka urefu huo ubaki, 寿 haitoshi, maana "ju" yake ni fupi. Hapo ningeanza na 充, kujaa.