Muulize Mtunza Ghala: Bunduki ya nyumbani inalala wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za silaha. Chanzo ni mhariri, aliyewaambia wasomaji kwamba kabla ya kustaafu nilikuwa natunza ghala la silaha. Ni kweli, ila kazi ya ghalani haina mambo ya sinema. Askari walinijua kwa daftari: nani kachukua, namba ya bunduki, risasi alizoondoka nazo, risasi alizorudi nazo, sahihi. Anayetafuta humu bastola gani ni nzuri atatoka mikono mitupu.

Shikamoo mzee. Nafanya biashara ya mbao Mafinga, nanunua kwa watu wenye mashamba ya miti kuzunguka msitu wa Sao Hill. Msimu wa mauzo nalala na fedha nyumbani, na hivi karibuni majirani wamevunjiwa. Jamaa yangu anasema atanipatia bastola safi kwa bei nafuu, vibali tutashughulikia baadaye. Nina mke, watoto watatu, na mdogo wangu naishi naye. Unanishauri nini?
*Mfanyabiashara, Mafinga*

Marahaba. Huyo jamaa yako mwache kwanza, halafu mwache tena. Kwetu hakuna kununua silaha leo na kutafuta kibali kesho. Kibali ndicho kinachotangulia, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha na aliyeanzia mwisho. Ukikutwa nayo, shitaka huambatanishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, na hapo tunazungumzia kifungo cha miaka 20 hadi 30. Mbao utamwachia nani? Tena bastola ya namna hiyo ina maisha yake ya nyuma. Kila silaha huacha mikwaruzo yake kwenye ganda na kwenye kichwa cha risasi, na wataalamu wa polisi huilinganisha. Ukiuziwa iliyokwisha fanya kazi mahali, wewe ndiye utakayeulizwa siku ile ulikuwa wapi.

Njia halali inaanza kwa barua. Unaeleza sababu, maombi yanapita kwa uongozi wa mtaa au kijiji, kata, polisi wa wilaya, kamati ya usalama ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, mkoa, mpaka kwa Msajili wa Silaha. Utachukuliwa alama za vidole, na utatakiwa kuwa na cheti cha kuonyesha umefundishwa kuitunza na kuitumia. Watu hulalamikia mlolongo huu. Mimi naupenda, hasa ile hatua ya mtaani, maana mwenyekiti wa mtaa anajua ni nani akishapata mbili tatu humpiga mkewe. Makao makuu hawawezi kulijua hilo.

Sasa tuseme umepewa. Hapo ndipo linapoanza swali nililokuwa namuuliza kila askari dirishani: ikiwa haipo mkononi mwako, iko wapi? "Juu ya kabati" silipokei kama jibu, wala "chini ya godoro". Hakuna mahali ndani ya nyumba ambapo mtoto wa darasa la tatu hajafika wakati wewe uko msituni. Inatakiwa sefu ya chuma iliyofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, funguo unatembea nazo, na risasi zimefungiwa kwingine. Najua utakachosema: mzee, mwizi akiingia saa nane za usiku nianze kufungua makufuli mawili? Ndiyo ugumu wenyewe huo. Silaha iliyowekwa tayari kwa ajili ya mwizi iko tayari pia kwa mtoto, na kwa mdogo wako siku atakayorudi amelewa na ana hasira za mchumba.

Huko Marekani, ambako bunduki za majumbani ni nyingi, Arthur Kellermann na wenzake walichapisha mwaka 1993 utafiti kuhusu watu waliouawa majumbani mwao katika maeneo matatu ya nchi hiyo. Hatari ya mtu kuuawa ndani ya nyumba yenye bunduki ilikuwa mara 2.7 ya ile ya nyumba isiyo nayo, na karibu ongezeko lote lilitokana na mauaji yaliyofanywa na ndugu au mtu wa karibu. Wapo waliozibishia hesabu zake, na mazingira ya Mafinga si yale. Mimi niliyekaa ghalani hazikunishangaza.

Kisha angalia nyumba yenyewe. Kuta za nje huenda ni tofali za kuchoma. Za ndani je? Nyumba nyingi huko kwenu zimegawanywa kwa mbao, kwa kuwa mbao ndizo zilizo karibu. Risasi ya bastola ya milimita 9 hupita mlango wa mbao, hupita jipsamu, na ikitokea upande wa pili bado inaua. Unamlenga mtu koridoni, unamkosa, na watoto wamelala nyuma ya ubao. Na kama umeme umekatika, kivuli kinachotoka jikoni utajuaje kwamba si mkeo aliyeamka kunywa maji?

Sheria inakupa haki ya kujihami. Iko kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyokifuata: kujilinda mwenyewe, kumlinda mwenzako, hata kulinda mali, ila kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika. Mwizi aliyekwisha kugeuka anakimbia na mfuko wa fedha amekuibia, sawa, lakini uhai wako haumo tena mikononi mwake. Risasi ya mgongoni utaieleza mahakamani.

Maoni yangu: wezi wanafuata fedha, kwa hiyo anza na fedha. Mafinga benki zipo na mawakala wa simu wapo kila kona. Anayekuuzia miti akitaka taslimu, mlipie benki mbele ya karani. Vijana wako wa kupakia wajue kwamba kwa bosi hakulali hela, na iwe kweli, maana taarifa za nyumba ya mtu hutoka kwa watu wanaoingia humo. Weka mlango wa chuma wenye komeo la ndani, taa ya sola nje, mbwa asiyelishwa na wageni, filimbi, namba za majirani na 112 kwenye simu ya kila mtu mzima. Chagua chumba kimoja chenye mlango imara ambacho wote mnakimbilia. Hayo yakikamilika na bado ukaona una haja ya silaha, andika barua. Sitakulaumu.

Kamwene mzee. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Iringa. Mmarekani ana haki ya bunduki kwenye katiba, sisi tunaomba kama ombaomba. Na sisi Wahehe ni watu wa vita tangu Mkwawa. Kwa nini?
*Mwanachuo, Iringa*

Kamwene. Haki hiyo iliingizwa kwenye katiba yao mwaka 1791, na mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu yao ikasema inamhusu mtu mmoja mmoja nyumbani kwake, hata kama si mwanamgambo. Kwao serikali ndiyo yenye mzigo wa kueleza kwa nini inambana mtu. Kwetu mzigo ni wa mwombaji. Unaweza kuupinga utaratibu huo, ila upinge huku ukiufuata.

Kuhusu Mkwawa, nenda Kalenga ukasome vizuri. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, waliokuwa na bunduki za kisasa ni askari wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani. Wahehe walivizia karibu na njia, wengi wakiwa na mikuki, na wakashinda kabla wale hawajajipanga. Bunduki zipatazo 300 zikabaki mikononi mwa Mkwawa. Oktoba 1894 Kalenga, ngome yake, ikaanguka mikononi mwa Wajerumani na bunduki zikiwemo. Mimi hujiuliza risasi zake alikuwa anazihesabu nani.

Ugonile, baba. Mume wangu alifariki, akaacha shotgani aliyokuwa na leseni yake. Shemeji zangu wanasema ni mali ya ukoo, mkubwa wao aichukue. Ipo stoo ndani ya mkoba wa ngozi, na sijui kama ina risasi ndani. Naiogopa. Nikiipeleka polisi si watanikamata?
*Mjane, Tukuyu*

Pole sana, mama. Mtu anayetoa taarifa hana la kuogopa. Anayekaa nayo kimya ndiye anayejitengenezea kesi. Leseni ni ya mtu aliyeandikwa, haimrithishi mjane wala kaka wa marehemu. Tangu siku ya msiba ndani ya nyumba yako kuna silaha isiyo na mwenye kibali.

Leo hii fanya jambo moja tu: funga stoo, ufunguo ukae nawe. Usiufungue mkoba kuangalia kama ina risasi. Hesabu kwamba ina risasi. Na asije shemeji yeyote "kuijaribu" nyuma ya migomba. Tukuyu mnajua mvua yenu. Ngozi hufyonza unyevu, na chuma kilicholala ndani ya ngozi huota kutu upesi kuliko kilichoachwa wazi. Mtutu wenye kutu nene, au ulioziba kwa udongo wa nyigu, unaweza kupasuka usoni kwa anayefyatua. Nimeshika mitutu iliyopasuka. Hutaki kuona.

Usiibebe wewe. Nasisitiza kwa sababu najua mama zetu: mtu anaifunga kwenye khanga, anapanda bajaji na kwenda nayo kituoni. Ukisimamishwa njiani utaeleza nini? Nenda kituoni mikono mitupu, na leseni ya marehemu, cheti cha kifo na, ikiwezekana, mwenyekiti wa mtaa. Waombe waje kuichukua. Wakiichukua, dai hati ya makabidhiano yenye aina ya silaha, namba yake, idadi ya risasi, jina na cheo cha aliyepokea. Namba hiyo iandike pia pembeni, kwenye daftari lako mwenyewe. Karatasi hupotea, hata karatasi za ofisini.

Ama hao shemeji, hawajasema uongo wote. Bunduki ina thamani na inaingia kwenye mirathi kama shamba na ng'ombe. Msimamizi wa mirathi ataiorodhesha. Lakini kugawiwa ni jambo moja na kuishika ni jingine: shemeji mkubwa aombe kibali chake mwenyewe, apite mtaani, kata na wilaya kama kila mtu, na siku akikipata aifuate polisi. Akikataliwa, iuzwe kihalali kwa mwenye kibali, fedha zigawanywe. Wakija tena na maneno ya ukoo, waonyeshe ile hati ya makabidhiano, uwakaribishe chai.

Mzee, sisi vijana wa Njombe tunapenda kulenga shabaha. Tukipata bunduki ndogo ya .22 au ya upepo tukalenge chupa kwenye miti ya misonobari, ni kosa? Ni mchezo tu, hatuwindi.
*Vijana wapenda shabaha, Njombe*

Mchezo wa shabaha ni mzuri, hata kwenye Olimpiki upo. Tatizo ni pale mnapotaka kuuchezea. Hiyo ".22 ndogo" risasi yake huruka zaidi ya kilometa moja, na ndani ya kilometa moja ya msitu wa Njombe kuna watu wanaokata kuni, wanaookota uyoga na wanaolinda moto. Chupa na jiwe hurudisha risasi kwa pembe usiyoitarajia. Mahali pa kulenga ni uwanja ulioruhusiwa, wenye kilima cha udongo nyuma ya shabaha na msimamizi mmoja ambaye akisema acha, wote mnaacha. Masikio yazibwe pia: mlio wa bunduki huvuka desibeli 140, na usikivu uliopotea haurudi.

Ya upepo nayo msiagize mtandaoni kabla ya kuuliza polisi. Kama hamu ni ya kweli, ulizeni wilayani mafunzo ya mgambo yanaanza lini. Humo mtalenga shabaha kihalali. Mtakimbia pia alfajiri na baridi yenu ile, labda hapo hamu itapungua.

Mzee, shamba langu liko Pawaga. Ngedere na nguruwe pori wananimaliza, na tembo wakivuka kutoka Ruaha ni msiba. Kuna fundi anatengeneza magobole. Nichukue moja la kutishia tu?
*Mkulima, Pawaga*

Hapana. Gobole ni bomba lililopewa kitako, na lisilo na leseni linakuweka kwenye sheria ileile niliyomtajia wa Mafinga. Nalo hupasuka. Tembo aliyejeruhiwa na gobole hafi hapo; anaondoka na maumivu, na atakayekutana naye kesho njiani ni mtoto wa jirani anayekwenda shule.

Nguruwe lindeni kwa zamu, mashamba yanayopakana mkiwa pamoja, mkiwa na tochi kali na madebe. Kwa tembo, zungushieni kamba zilizopakwa oili chafu yenye pilipili, au mchome pilipili pamoja na kinyesi chake kikavu. Moshi ule haupendi. Kenya wamefanikiwa kwa mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye waya kuzunguka shamba, na asali inabaki kuwa yako.

Hasara ikitokea, usivune mabaki wala kulima juu yake kabla ofisa wanyamapori hajafika. Mjulishe mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, piga picha za nyayo na mazao. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyeumia au kufiwa. Fedha yenyewe ni ndogo na huchelewa, ila asiyetoa taarifa hapati kabisa. Na kama gobole umeshalichukua kabla barua yangu haijakufikia, Serikali hutangaza vipindi vya msamaha wa kusalimisha silaha. Kwa kuwa hapo kijijini kila mtu anajua nani analo, mwone mtendaji sasa, akuulizie polisi utaratibu wa kulikabidhi.