Sabuni yetu inachoma mikono

SWALI: Sisi akina mama tuliokimbia vita tupo Kalemie, tunatengeneza sabuni ya mawese. Inamomonyoka na kuchoma mikono. Tumekosea wapi?

JIBU: Soda kali (caustic soda) imezidi, mama zetu. Kikombe hudanganya, pimeni kwa mizani: mawese kilo 1, soda kali gramu 135, maji gramu 350. Vaeni glovu. Mimineni soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda, yatawarukia usoni. Ndoo iwe nene ya plastiki. Sufuria ya alumini huliwa na soda. Maji ya soda yakishapoa, yachanganyeni na mawese ya uvuguvugu, mkoroge hadi iwe nzito kama uji. Kateni kesho yake, anikeni kivulini wiki 4. Na kabla ya kugawana chochote, mweka hazina atenge pesa ya soda na mawese ya kutengenezea tena. Vikundi vingi hufia hapo, si kwenye ndoo.