Wewe ni Mgoa wa Mombasa: barua kwa mwanangu aliye Swindon

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku hatujambo. Kusi inavuma, mji umepoa, na magoti yangu yanalalamika kama ilivyo kawaida yake msimu huu.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema Wagoa wenzako wa Swindon, huko Uingereza, watu wenye asili ya Goa kule India, wanaandaa Siku ya Wagoa Duniani, tarehe 20 Agosti, na wamekuomba upike na useme machache juu ya Wagoa wa Afrika Mashariki. Kisha bwana mmoja akakuuliza mbele za watu: lugha yetu ya Konkani huisemi, mama yako Mtaita, Goa kwenyewe umekwenda kama mtalii, sasa Ugoa wako uko wapi? Nawe ukanigeukia mimi: "Mama, mimi ni Mgoa kweli, au najipachika tu?"

Wewe ni Mgoa, mwanangu. Tena ni Mgoa wa Mombasa, na hao wana historia ambayo wengi wa waliotoka Goa moja kwa moja hawajapata kuisikia. Ndiyo maana wamekuomba useme. Basi nenda ukaseme, wala usimfiche mama yako.

Huyo bwana inaelekea hajui kwamba babu zenu walikuwa pwani hii kabla Nairobi haijawa mji. Unguja walikuwako tangu karne ya 19: washonaji, waokaji mikate, wapishi, wapiga picha, na wanamuziki waliopiga tarumbeta katika bendi ya Sultani. Muziki waliufundishwa na mapadre katika shule za parokia huko Goa, ndiyo sababu bendi nyingi ziliwatafuta. Kisha Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka hapa Mombasa mwaka 1896. Wakahitaji watu wanaojua kusoma, kuandika na kutunza hesabu, na Goa ilikuwa na vijana kama hao wengi ila kazi haikuwepo. Wakapanda meli Bombay au Mormugao wakaja kuwa makarani wa reli, forodha, benki na ofisi za serikali. Babu yako alikuwa mmoja wa waliofuata nyayo hizo. Alishuka Kilindini na sanduku la bati, rozari, na fidla ndani ya mfuko wa kitambaa. Fidla hiyo ndiyo iliyo ukutani kwako.

Wala hawakuja kukaa maofisini tu. Daktari wa kwanza wa kujitegemea mjini Nairobi alikuwa Mgoa, Dkt. Rosendo Ribeiro, aliyekuwa akienda kuwatibu wagonjwa akiwa amepanda punda milia. Huyo ndiye aliyegundua ugonjwa wa tauni Nairobi mwaka 1902. Na mtoto wa Mombasa hii hii, Seraphino Antao, ndiye Mkenya wa kwanza kuleta dhahabu kutoka michezo ya Jumuiya ya Madola. Alishinda yadi 100 na yadi 220 huko Perth mwaka 1962, na mwaka 1964 akaibeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Tokyo. Baba yako alikuwa mvulana wakati ule, na mpaka anazeeka ukimtajia Antao alinyooka kitini. Wale vijana wa hoki nao usiwasahau. Timu ya Kenya ya miaka ile ilijaa majina ya Kigoa, Fernandes juu ya Fernandes, na Tokyo walimaliza nafasi ya sita duniani.

Sasa nije kwa mama yako Mtaita, kwa kuwa naona hapo ndipo palipokuchoma.

Nilipoolewa na baba yako, wako waliotugeuzia uso. Klabu moja ya hapa tuliyoalikwa kwenye dansi ya Mwaka Mpya, wakubwa wake walisimama kando wakinong'ona mpaka baba yako akachukua koti lake tukaondoka. Sikuandikii haya ili uchukie. Nataka ujue kwamba hata Wagoa wenyewe kwa wenyewe walitengana. Nairobi makarani walikuwa na klabu yao, wenye vyeo vya juu klabu yao, washonaji wana chama chao, na chini ya yote hayo tabaka za kuzaliwa walizotoka nazo Goa zilikuwa zinafanya kazi kimyakimya, ingawa wote Jumapili walipiga magoti kanisa moja. Ukisimama kusema, lisifie lile linalostahili sifa, lakini usiupambe utengano huo ukaonekana ni utamaduni. Mimi sijapata kuuona uzuri wake hata mara moja.

Na ukiulizwa tena kama mtoto wa mama Mwafrika anaweza kuwa Mgoa, mtaje Joseph Murumbi. Baba yake alikuwa Mgoa wa ukoo wa Zuzarte, mama yake Mmaasai. Alichukua jina la upande wa mama, akawa Waziri wa Mambo ya Nje na kisha Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, na maelfu ya vitabu alivyokusanya sasa viko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Rafiki yake mkubwa alikuwa Pio Gama Pinto, Mgoa aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927. Pinto alipigania Goa, iliyokuwa koloni la Ureno, itoke mikononi mwa Ureno mpaka Wareno wakataka kumkamata, akarudi Kenya, na huku nako Waingereza wakamweka kizuizini kisiwani Manda kwa kuwasaidia wapigania uhuru. Aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake tarehe 24 Februari 1965, Kenya huru ikiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Amezikwa City Park, Nairobi. Murumbi alipofariki mwaka 1990 alizikwa bustanini humo humo, kwa kuwa alitaka kuwa karibu na rafiki yake. Baba yako alinipeleka pale mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Alisimama muda mrefu bila kusema kitu, akaniambia, "Hawa ndio watu wangu."

Kwa hiyo mtu asikufundishe kuchagua. Pinto hakuchagua.

Nyanya yako ndiye aliyenipokea, nami nataka ulijue hilo vizuri. Mwaka wa kwanza alikuwa baridi kwangu. Kisha Krismasi ikakaribia, mikono yake imeanza kuuma, akaniita jikoni bila maneno mengi, akanipa mbuzi ya kukunia nazi. Nikakuna. Akaniangalia, akaona kwamba sikwangui mpaka kwenye kifuu, kinyama kinatoka cheupe kitupu. Akasema, "Aa, wewe unajua." Toka siku hiyo sikutoka jikoni mwake.

Kwa meza yako ya Agosti, pika sannas, vile vikeki vya mchele. Huku tulikuwa tunapata tembo la mnazi kwa mgema wa Mtwapa, la asubuhi, kabla halijawa kali. Mchele unauroweka usiku kucha, unausaga na nazi mpaka ulainike, unatia tembo na sukari kidogo, unafunika kwa kitambaa na kuuacha uumuke. Nyanya yako hakuangalia saa hata mara moja. Alisogeza sikio karibu na bakuli, akisikia vipovu vinapasuka ndipo anamimina kwenye vikombe vidogo na kupika kwa mvuke. Wewe Swindon tembo hulipati, tumia hamira na maji ya dafu, zitatoka nyepesi pia. Pika na sorpotel, ule mchuzi wa nyama ya nguruwe na siki, ila uipike siku tatu kabla na uipashe moto kila siku. Sorpotel ya siku hiyo hiyo ni nyama na siki tu, ladha haijaingia. Na usitumie siki ya dukani ikiwa unaweza kupata ya mnazi.

Pika pia xacuti ya kuku, ule mchuzi wa viungo, nazi ikaangwe mpaka ibadilike rangi. Nasema ya kuku kwa sababu ya alivyotulea nyanya yako. Sufuria za nguruwe alizitenga kabisa, zina kabati yake, maana majirani zetu wote walikuwa Waislamu na Krismasi sahani za kuswad, vitamu vya sikukuu, zilikwenda kila mlango: neureos, dodol, vipande vya bebinca. Ikifika Idi sahani zile zile zilirudi, na hakuna iliyorudi tupu. Dodol ya Goa na halua ya Mombasa zilijuana zamani. Waambie watu hayo. Goa yenyewe ni nchi ya Wahindu wengi kuliko Wakatoliki, na sherehe nyingi za ughaibuni huonekana kana kwamba Mgoa ni Mkatoliki basi. Kama kuna Wagoa Wahindu Swindon, waalikwe, na meza iwe na chakula wanachokula.

Kuhusu Konkani, nakubali kwamba hilo ni pengo, na wewe si wa kulaumiwa. Babu yako na nyanya yako waliongea Konkani wakigombana, Kiingereza na watoto, Kiswahili na watu wote wengine. Hivyo ndivyo ilivyopotea katika nyumba nyingi. Hiyo tarehe 20 Agosti yenyewe inakumbuka mwaka 1992, Konkani ilipoingizwa katika lugha zinazotambuliwa na katiba ya India, baada ya watu kuigombea miaka mingi. Basi jifunze. Wakatoliki wanaiandika kwa herufi hizi hizi tunazotumia sisi, kwa hiyo kusoma hakutakushinda. Anza na Baba Yetu, anza na Dev borem korum ya kushukuru, kisha kaa na wazee. Huyo bwana aliyekuuliza, mwombe akufundishe. Nasema kwa moyo safi, mwombe. Huenda alichokuwa anakitafuta ni mtu wa kuongea naye.

Na mando, ile ngoma yetu ya kuimba na kucheza, msiiache. Siku hizi sherehe zikianza, spika inafunguliwa na watu wanarukaruka mpaka usiku. Hilo ni jema kwa vijana, lakini mando ni ya Wagoa peke yao: fidla, na ghumot, kile chungu cha udongo kilichowambwa ngozi, wanawake mstari mmoja na vipepeo vya kujipepea mkononi, wanaume mstari wa pili, wakisogeleana na kurudi nyuma polepole. Inaimba mapenzi na kuagana. Baba yako alikuwa haimbi kitu kingine akiwa anajinyoa. Shusha ile fidla ukutani, itie nyuzi mpya, umtafute mtu anayeweza kuipiga. Watoto wako na wasimame mstarini, Kiswahili chao kibovu na yote.

Kuna jirani anasafiri kuja London wiki ya kwanza ya Agosti. Nimempa chupa mbili za siki ya mnazi, nimezifunga kwa leso na kuziweka katikati ya nguo, na pilipili kavu, na ile mbuzi ya nyanya yako. Niandikie mtakuwa watu wangapi nikupe vipimo vya mchele. Wabusu wajukuu wangu.

Mama yako,
Mombasa