Kwa nini maji hayazami kwenye mteremko ulioungua

Ndugu, unashangaa mvua ndogo tu kuporomosha udongo pale palipoungua, ilhali zamani hata mvua kubwa haikufanya kitu. Moto ukiunguza majani makavu, mvuke wenye nta za mimea hushuka ardhini, ukapoa na kuganda kwenye chembe za udongo, sentimita chache tu chini. Tabaka hilo hukataa maji. Pima mwenyewe: ondoa majivu, dondosha tone la maji, likibaki kama shanga kwa zaidi ya sekunde 5, ndilo hilo. Tena hakuna majani ya kupunguza kishindo cha matone. Tandaza nyasi kavu kabla ya mvua, magogo uyalaze kukingama mteremko. Matuta ya haraka haraka mimi siyaamini. Yakipasuka huchimba korongo.