Kusimamisha hema la barafuni ukiwa peke yako

Ndugu, umeuliza utasimamishaje hema lako la kukunja, la kuvulia samaki juu ya barafu, bila msaidizi, upepo ukivuma kwenye ziwa Mille Lacs, jimboni Minnesota, Marekani. Pima barafu kwanza: kwa mtembea kwa miguu isipungue sentimita 10, tena iwe mpya na angavu. Kisha, kabla hujavuta ukuta wowote, funga kamba ya upande unakotoka upepo kwenye skrubu ya barafu, yaani msumari wenye nyuzi unaozungushwa ndani ya barafu ili kushikilia kamba. Mimi niliruka hatua hii mara moja, hema likapeperushwa mbali. Sasa vuta kitovu, yaani kiungo cha katikati zinapokutana fito, cha ukuta wa upande huo wa upepo mpaka fito zijitanue, ndipo uendelee na zilizobaki. Rundika theluji kwenye pindo za chini. Ukiwasha hita ya gesi, tafadhali acha matundu ya hewa wazi; kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayoweza kutoka kwenye hita, haina harufu.