Muulize Fundi: Plastiki ndani ya giaboksi, ni feki au ndo yenyewe?

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni dereva wa teksi ya mtandaoni, gari ndogo ya otomatiki, kutwa nzima ni Kimara, Posta, Mbezi, eapoti. Asubuhi gari iko poa kabisa ila ikifika saa nane mchana kwenye foleni ya Ubungo nikikanyaga mafuta injini inanguruma tu gari haiendi, halafu gia inashika kwa kishindo mpaka abiria anashtuka. Nimeipeleka kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, fundi kafungua giaboksi akanionyesha ringi nyeusi za plastiki na washa (kile kiduara bapa chenye tundu kinachokaa kati ya vyuma) moja ya kahawia imelika upande, akasema dada umeuziwa gari iliyochakachuliwa, humu inatakiwa chuma, anataka akachongeshe za bronzi. Nimruhusu? (Dada wa Kimara)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimruhusu, na kama ameshazitoa zile ringi na washa mwambie asizitupe, aziweke kwenye kopo moja zote mpaka spea mpya zipatikane, maana ndo sampuli yako.

Gari yako haijachakachuliwa. Hizo plastiki ziliwekwa kiwandani, tena kwa makusudi. Najua sisi tukisikia plastiki tunawaza ndoo ya kuogea, lakini hii ni kitu kingine kabisa. Kuna moja inaitwa PEEK, ilitengenezwa na wakemia wa kampuni ya ICI kule Uingereza mwaka 1978, haiyeyuki mpaka ifike nyuzijoto 343 za Selsiasi, wakati oili ya giaboksi ikiwa kwenye kazi ya kawaida inacheza kwenye 80 mpaka 100 hivi. Zile za kahawia mara nyingi ni ndugu zake, poliimidi au poliamidi-imidi, na zenyewe zinavumilia joto kweli kweli. Na haziwekwi tupu, zinachanganywa. Mchanganyiko mmoja maarufu wa PEEK una nyuzi za kaboni asilimia 10, grafaiti asilimia 10 na tefloni asilimia 10, yaani kaboni inampa nguvu na hizo mbili zinampa utelezi, grafaiti ni ileile iliyomo kwenye penseli.

Sasa kwa nini wasiweke chuma? Fikiria hivi, oili inatoka kwenye pampu inapita ndani ya shafti inaingia kwenye dramu, yaani ile ngoma inayozunguka na kubeba diski za klachi, ili ikandamize diski hizo, na pale inapovuka kutoka kwenye kitu kisichozunguka kwenda kwenye kinachozunguka ndo hiyo ringi inakaa kuzuia presha isivuje. Ringi ya chuma nayo inaziba, zipo giaboksi nyingi za zamani zinazo, ila dramu na makava mengi siku hizi ni aluminiamu, laini, kwa hiyo chuma kigumu kinaila taratibu mpaka inatengeneza mfereji. Plastiki inalala vizuri zaidi kwenye ukuta wake, haina kelele, na nyepesi, PEEK ni gramu 1.3 tu kwa kila sentimita moja ya ujazo, chuma ni 7.8. Washa nayo hivyohivyo, ni nyembamba kuliko beringi ya sindano, ile yenye vijiti vyembamba vya chuma ndani, na beringi ikifa inamwaga sindano zake ndani ya giaboksi, hapo tena utalia.

Tatizo lako la mchana linaeleweka. Oili ikiwa baridi ni nzito, hata ringi imelika kidogo inaziba. Ikipata moto inakuwa nyepesi, inavuja pembeni ya ringi, presha inashuka, diski zinateleza, zikiteleza zinazidisha joto na vumbi lake linaingia kwenye oili, na vumbi hilo likichanganyika na unga wa chuma ndo linalokula washa. Mi mara nyingi nikikuta washa imelika hivyo namlaumu oili kabla ya washa yenyewe. Muulize fundi, oili ilikuwa nyeusi? Ilinuka kuungua? Ilibadilishwa lini?

Kabla hujanunua chochote mwambie apitishe ukucha taratibu kwenye ukuta wa dramu pale ringi inaposugua. Ukucha ukikwama, ringi mpya nayo itavuja, dramu inabadilishwa. Na spea msitafute kwa jina la gari, tafuteni kwa namba ya giaboksi, kwenye Toyota angalia bamba la chasisi sehemu imeandikwa TRANS/AXLE. Ringi zikiwa za tefloni zinatanuka wakati wa kuvalishwa kwenye shafti, lazima zibanwe zirudi saizi yake na zipakwe oili kabla ya kuingiza dramu, fundi mwenye haraka anasukuma tu inakatwa na ukingo, gari inafungwa, wiki moja umerudi palepale. Na muweke oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye dipstiki, usikubali "haidroliki (oili za giaboksi otomatiki) zote ni sawa", hapana, si sawa hata kidogo.

SWALI: Kaka, mimi fundi wa Buguruni. Nilichonga washa ya giaboksi kwa fimbo nyeupe ya nailoni, ikakaa wiki tatu. Kosa liko wapi? Wakati kiwandani nailoni wanatumia.

JIBU: Wanatumia kweli, keji nyingi za beringi, yaani vile vizimba vinavyoshikilia gololi, ni nailoni 66 iliyotiwa nyuzi za kioo na dawa ya kuvumilia joto. Ile fimbo nyeupe ni tupu. Inalainika mapema sana kabla ya kuyeyuka, na inanywa maji, ikishiba inafika kama asilimia 8 ya uzito wake, kwa hiyo na unyevu huu wa Dar unaweza ukapima unene leo na kesho ukakuta umebadilika. Na kwenye washa unene ndo kila kitu, ndo unaoamua shafti icheze kiasi gani mbele na nyuma. Halafu ishike ile ya zamani upitishe kidole gumba usoni, utasikia vijifereji. Hivyo ndo njia ya oili. Ya kwako ulichonga vijifereji? Bila hivyo inasugua kavu.

SWALI: Nilipita Jangwani maji yakiwa yamejaa, sasa oili ya giaboksi imekuwa kama maziwa yenye rangi ya waridi. Plastiki za ndani zimekufa?

JIBU: PEEK haijali maji, wanaokufa ni diski za klachi, maji yanaachanisha gundi ya ngozi zake, na beringi zinapata kutu. Usiiwashe tena ndugu yangu, hata kuisogeza tu. Ivutwe mpaka gereji, oili imwagwe yote ikiwemo ya kwenye konveta (ile inayounganisha injini na giaboksi) na mabomba ya kupoozea, na kama maji uliyopita hayakuwa marefu kiasi cha kuingia kwenye giaboksi, kagua rejeta, ile sehemu ya kupooza oili ikitoboka inachanganya maji vilevile.